Jiwe Linalovuta Majivu

Jumatatu, 3 Februari

Nimefuta vioo vya makabati, nimefagia, nimepanga pete. Bwana Shirazi kaja kazivuruga, kanambia nipange upya. Kila siku hivyo hivyo. Duka lake la vito, na avuruge.

Lakini leo nimeokota kitu! Mtalii kajikwaa pale kizingitini, miwani ikaanguka, kioo kimoja kikapasuka, akaiacha hapo hapo. Kile kioo kizima nikakibandua. Ni vile vinavyochuja mwanga. Nshaviona kwenye video: unatizama jiwe kupitia kioo hicho, unaligeuza pole pole, na rangi inabadilika. Kila aina ya jiwe na rangi zake. Nikajaribu kwa kipande changu cha tomalini ya kijani. Huku kijani cha mgomba, huku kijani karibu cheusi. Nikapiga kelele. Bwana Shirazi akatoa kichwa: "Fundi wa Yutubu, mna wateja humu!"

Kemia nilipata F skuli. Sasa ningempa mwalimu kile kioo atizame mwenyewe.

Mawe yangu yanajaza nusu ya bati la halua. Vimeguko tu, vya kutupwa, lakini kila kimoja kina kikaratasi chake: jina, rangi, mahali. Mahali ndio roho ya yote. Jiwe usilojua limetoka wapi ni kokoto.

Nimerudi nyumbani, ami Haji, ndugu yake baba, yupo ukumbini, kofia juu ya goti. Nikajua. Kadhi tena.

"Shemeji, miaka mitano. Kadhi yuko tayari kuhukumu. Anangoja neno lako."

Mama anachambua mchele, hata kichwa hainui. "Mume wangu hajafa. Kanletea jiwe."

Ami kantizama mie. Mie nimeutizama mchele.


Jumanne, 4 Februari

Sijatulia. Acha niyaandike, labda yatakaa sawa.

Baba alikuwa anachimba tanzanaiti Mererani, huko bara. Siku moja maji yakaingia shimoni. Wengine walitolewa. Yeye hakuonekana, mzima wala maiti. Tukalia. Ami akataka sala ya ghaibu isaliwe, ile ya maiti asiyekuwepo. Kabla haijasaliwa, akaja Elisha, mwenzake baba wa shimo moja. Kapanda boti, kauliza uliza mpaka hapa Jang'ombe. Akamwambia mama kwamba baba alitokea tundu la pili. Kwamba alimuona kwa macho yake, baada ya maji. Kwamba anakwenda machimbo mengine ya kusini na atarudi. Akatoa jiwe la kahawia, urefu wa kidole gumba. "Kasema mama Rukia asilichome. Atakuja kulichoma mwenyewe."

Tanzanaiti ikitoka ardhini mara nyingi ni ya kahawia. Ukiichoma inageuka buluu. Hilo hata mama analijua.

Basi mama hakukaa eda. Si mjane, si mke. Kila Alhamisi jioni anapiga pasi kanzu ya baba, asije akarudi siku ya Ijumaa akakosa ya kwenda nayo msikitini.

Miaka mitano jiwe limo ndani ya kijaluba cha mama, kikasha chake cha bati, na mie sijawahi kuliomba. Nilikuwa mdogo. Sasa nna kioo.


Jumatano, 5 Februari

Kanipa!

Kwanza alikataa. Nikambembeleza mpaka akachoka. "Ushike ukae hapa hapa mbele yangu." Kalitoa kwenye kijaluba kama anatoa kifaranga.

Zito kwa ukubwa wake. Kahawia ya asali iliyoungua kidogo. Na lina mistari! Mistari myembamba, yote kwenye urefu, kama nywele zilizochanwa. Tanzanaiti ndivyo ilivyo, nshaiona kwenye picha mia. Nikaruka pale pale. Nimemwambia mama kweli, mama, kweli! Mama kacheka. Sijamuona akicheka hivyo tangu sijui lini, meno yote nje. Akasema, "Nyie mlidhani nna wazimu."

Kesho ntaliangalia kwa kioo. Tanzanaiti ina rangi tatu, kila upande na yake. Hakuna haja, nshajua. Lakini nataka kuziona.


Alhamisi, 6 Februari

Rangi mbili.

Nimegeuza kila upande. Uani kwenye jua, ndani kwa tochi. Kwa ubavu, asali. Kwa ncha, kahawia nzito, mwanga haupiti. Hakuna buluu. Hakuna zambarau. Mbili tu.

Kioo kibovu. Cha kuokota, nategemea nini.

Mama anapiga pasi kanzu. Kaniuliza vipi. Nikamwambia jua limezama mapema.


Jumamosi, 8 Februari

Si kioo.

Nimemuomba mama nilichukue dukani nikalipime. Kalifunga mwenyewe kwenye pindo la kanga yangu, mafundo mawili. Bwana Shirazi alipokwenda kusali adhuhuri nikalipima kwenye mzani, kisha nikalipima linaning'inia ndani ya maji. Nimepiga hesabu nikarudia. Jepesi mno kwa tanzanaiti. Halafu nikalitizama ncha, pale lilipomeguka. Pembe tatu, mbavu zimevimba kama mto wa kulalia. Mbona sikuiona siku ya kwanza? Kwa sababu sikutaka.

Ni tomalini. Kahawia. Ndugu yake kile kijani changu.

Nimesoma kitu cha ajabu pia. Tomalini ukiipasha moto, ikianza kupoa inavuta majivu. Nikasema uongo huo! Jioni nikakitia kijani changu ukingoni mwa seredani, jiko letu la makaa, nikakitoa, nikakiweka karibu na majivu. Yakaruka. Wallahi yakaruka yakakigandia ncha zote mbili, kama sisimizi na sukari. Nikacheka peke yangu uani.

Kisha nikaacha kucheka.

Baba kachimba tanzanaiti tangu mie nakwenda chuoni kusoma juzuu. Angeijua gizani kwa kidole. Hawezi kuita hili jiwe la kuchoma. Tomalini ya kahawia unaichoma kwa ajili gani? Haigeuki buluu hata uichome mpaka kiyama.

Basi nani kasema yale maneno?


Jumapili, 9 Februari

Mama kaniuliza mara mbili mzani umesema nini. Nimemwambia umeharibika.


Jumanne, 11 Februari

Nimempigia Elisha. Namba nimeitoa kwenye simu ya mama. Anaendesha bodaboda Arusha sasa, shimoni hakurudi tena. Alifurahi kunisikia. "Mdogo wangu! Mama hajambo? Mzee amerudi?"

Hilo neno la mwisho lilinikera. Nikamwambia jiwe ni tomalini.

Nasikia honi za huko kwao.

Kasema alikuja kutuletea habari za msiba. Basi. Alikuja kusema alikuwa nyuma ya baba kwenye kamba, maji yakaja, yeye akavutwa, baba hakuvutwa. Kafika mlangoni kwetu, mama kamshika miguu, kamuuliza, umemuona? Akasema ndiyo. Hajui kwa nini. Likatoka lenyewe. Mama akauliza kasema nini. Akatia mkono mfukoni. Jiwe alikuwa nalo, kanunua njiani kwa mtu, hakumbuki wapi. Mengine yakajisema.

"Nilidhani mtajua ndani ya mwezi mmoja," kasema. "Mtu asiporudi, watu huelewa."

Sisi hatukuelewa. Nimekata simu.

Baba kafa. Kafa siku ile ile. Naandika ili nilione. Kafa.


Ijumaa, 14 Februari

Namchukia Elisha. Nachukia kioo. Najichukia kwa kujua. Kama ningekaa na pete zangu nikapanga na kupangua, mama angekuwa bado anacheka.

Nimejaribu kumwambia asubuhi. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka. Nikakaa karibu yake. Kaniuliza, "Una njaa?" Nikasema ndiyo. Nshakula lakini.


Jumanne, 18 Februari

Mama kapaka chokaa chumba chao. Ramadhani iko karibu, kasema, na baba yako hapendi ukuta mchafu. Kapanda kiti mwenyewe. Kakonda, mifupa ya bega inaonekana. Mbona nilikuwa siioni?

Dukani nimevunja kikombe cha Bwana Shirazi. Akasema tu, "Siku hizi hupigi kelele."


Jumapili, 23 Februari

Vunja jungu, kula kwa mwisho kabla ya mfungo. Kama kila mwaka tumekwenda Uroa kwa shangazi Mtumwa, dada yake baba. Analima mwani pale nyuma ya mahoteli. Pilau, pweza, mkate wa kumimina, watoto wamejaa mchanga mpaka kwenye masikio. Mama katoka na kijaluba chake. Hakiachi siku hizi, tangu nilipomwambia kweli, mama, kweli. Mie ndiye niliyemtia moto.

Shangazi hana breki ya mdomo. Wanawake wote wako mkekani, akamgeukia mama: "Wifi, mumeo wa jiwe hajambo? Ushampakulia?"

Wakacheka. Si kwa ubaya, ndio masihara yao mawifi. Hata mie miaka mingine nilicheka. Mama kaweka sahani chini. Kanawa mkono. Kasema pole pole, kila mtu akasikia:

"Ijumaa baada ya alasiri njooni kwangu. Ntalichoma. Likigeuka buluu, asinambie mtu habari ya kadhi mpaka nife. Lisipogeuka, ntakaa eda."

Ami Haji katoka kule waliko wanaume. "Shemeji, hiyo ramli. Haramu."

"Si ramli. Yeye ndiye aliyesema litachomwa. Kachelewa, ntamchomea."

Shangazi kabaki na tonge mkononi. Na mie nilikuwa nimekaa pale. Nafasi ilikuwa ile. Mdomo haukufunguka.


Jumanne, 25 Februari

Bwana Shirazi ana tanzanaiti moja ambayo haijachomwa. Ya maonyesho, imo kabatini na vibali vyake, haiuzwi. Kahawia. Urefu wa kidole gumba.

Naandika hilo tu.


Jumatano, 26 Februari

Nimeichukua.

Imo ndani ya sidiria, inanikata. Njia nzima kutoka Mji Mkongwe nimetembea kama mtu mwenye jipu. Ntabadilisha kesho, mama akiwa anaoga. Ijumaa ataichoma, itageuka buluu kama bahari ya kwenye kadi za watalii, shangazi atapiga vigelegele. Bwana Shirazi atajua, atanifukuza, pengine polisi. Sijali. Kwa kioo changu nimeiangalia chooni. Rangi tatu. Zote tatu. Ni jiwe zuri kuliko yote niliyowahi kuyashika, na nimelitizama kama mwizi.


Alhamisi, 27 Februari

Mama aliingia kuoga. Kijaluba nikakifungua. Mawe mawili kiganjani, la uongo na la wizi.

Akatoka mapema, sabuni imekwisha. Nikalirudisha la uongo, nikafunga. Hakuona. Akachukua pasi, akaanza kanzu. Anapiga pasi kola, anaigeuza, anapiga tena. Kola imelika. Pasi ndiyo imeila, kila wiki moto, moto, moto, na hakuna shingo iliyoivaa. Akasema, "Likigeuka, ntamnunulia mpya. Hii ntaiweka."

Nikaona kanzu mpya nayo inalika. Nikamuona mama mzee, mvi tupu, pasi mkononi. Nikaona na mie ndiye niliyempa jiwe la buluu.

Nikamwambia nimesahau kitu dukani. Nilikimbia. Bwana Shirazi alikuwa anafunga. Nikasema, hili kabati limeingia vumbi, nikafungua, nikairudisha tanzanaiti huku nafuta kwa kitambaa. Akasema, "Kesho si ungefuta?" Nikasema kesho siji.

Sijui kama ni ushujaa au woga. Naona ni woga.


Ijumaa, 28 Februari

Walikuja wote wawili. Ami Haji na shangazi Mtumwa kutoka Uroa. Shangazi hakutania hata neno moja. Kaleta maandazi, hakuna aliyekula.

Mama hakutaka seredani. Kataka chetezo, kile anachofukizia nguo za baba. Makaa tele, bila udi. Nikamwambia tusilitie ghafla, litapasuka, tulizike kwenye mchanga ndani ya kopo kwanza. Kanisikiliza kama mie ndiye mkubwa. Nimepepea mie. Kopo likawa jekundu chini. Nikalitoa jiwe kwa koleo, tukalilaza juu ya makaa yenyewe. Nikapepea mpaka mkono ukafa ganzi. Jirani kafungulia redio, mama kanyoosha mkono tu, shangazi katoka, redio ikazima.

Mama kasema, "Basi."

Nikaliweka kwenye ukingo wa chetezo. Kahawia. Tukangoja. Kahawia. Ami akasoma kitu chini chini.

Likaanza kupoa. Yakaja majivu. Kidogo kidogo, kisha mengi, yanatambaa kwenye ukingo, yanaruka, yanagandia ncha ya huku na ncha ya huku. Likavaa nyeupe. Shangazi kashika mdomo. Ami karudi nyuma. Mie peke yangu nilijua ni nini, na kwa mara ya kwanza maishani sikutaka kumueleza mtu.

Mama kaliangalia sana.

"Halikugeuka," kasema.

Kisha: "Haji. Kamwambie kadhi."

Ami akalia. Mtu mzima yule, kakaa chini kwenye sakafu akalia kwa sauti, miaka mitano yote. Kumbe alikuwa anangoja ruhusa tu, ni kaka yake. Shangazi naye. Mama hakulia. Kalipuliza jiwe, majivu hayakutoka. Kaniita.

"Rukia."

"Naam."

"Mbona linavaa majivu?"

"Ndivyo lilivyo, mama. Si tanzanaiti. Ni tomalini."

Kantizama. Nilitamani anipige.

"Ushajua tangu lini?"

"Tangu mwanzo wa mwezi huu."

Kalishika jiwe bado la moto, nikaona anaungua, hakuliacha. "Ungenambia, ningekwita muongo," kasema. Kaingia ndani.


Alhamisi, 6 Machi

Kadhi kahukumu jana. Mfungo umeshaanza, sala ya ghaibu imesaliwa baada ya tarawehe, msikiti ulijaa. Wengine walikuwa watoto wakati ule, wamemsalia mtu wasiyemkumbuka.

Mama ni kizuka sasa, yumo edani. Nguo nyeupe, mkeka chumbani, kuta za chokaa mpya. Miezi minne na siku kumi. Mie ndiye nnayekwenda sokoni, nnayepika futari. Uji wangu una madonge. Anakunywa.

Kaniambia nimwandikie Elisha kwamba tumekaa eda. "Mwambie hilo tu. Usimtukane." Kwa hiyo anajua. Sikumuuliza anajua nini. Nimemwandikia. Kajibu, poleni sana.

Leo Alhamisi. Pasi iko juu ya kabati, baridi. Kanzu kachukua ami.

Jioni kaniita, kanikabidhi jiwe. "Tia na yako." Nimeleta bati la halua chumbani kwake, nikakata kikaratasi. Jina: tomalini. Rangi: kahawia. Mahali. Hapo nikakwama. Elisha mwenyewe hakumbuki. Nikataka kuacha wazi.

Mama kanyoosha shingo kutizama. "Andika Mererani."

Nikamwambia halikutoka huko.

"Andika."

Nimeandika Mererani.